Nilipofunga Tumbo

Bwana apewe sifa! Nasikia wa mbele peke yao. Hata nyinyi mlio kule mlangoni mnaangalia mvua, Bwana apewe sifa!

Asanteni. Ndugu zangu, kwa wageni, mimi naitwa Mama Chebet, bibi ya karani wa kituo cha majani chai hapa chini. Wenyeji mnanijua, na mnajua kwamba zamani nikisimama hapa mbele, watu wa benchi ya kwanza walikuwa hawamwoni mchungaji. Chekeni tu, hata mimi nacheka. Leo nimesimama na mchungaji anaonekana mzima, mpaka viatu. Nataka niwaambie mahali Mungu alinitoa, na sitaficha kitu, kwa sababu najua mmeongea sana na mengine mliongea vibaya. Sina kinyongo na mtu.

Mimi si wa huku kwa kuzaliwa. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai, nikazaliwa kambini kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Mama yangu aliniacha nikiwa bado msichana. Baba Chebet aliponiposa nilikuwa mwembamba hata sketi nilikuwa naishikilia kwa pini. Watu wa kwao walinitazama wakanyamaza. Msichana wa ziwani, hajui Kipsigis, hana mama, na mifupa yake inaonekana! Lakini mama mkwe wangu hakunyamaza. Huyu ndiye watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, na sisi wote tukazoea kumwita hivyo. Alinishika mkono akanikalisha jikoni kwake, akatikisa kibuyu, akanimiminia mursik kikombe kikubwa mpaka juu.

Sasa mimi nilikuwa sijawahi kuonja maziwa yaliyolala kwa kibuyu kilichopakwa mkaa. Nilipiga funda moja, uso ukakunjika wenyewe. Kogo akaniangalia. Mnajua Kiswahili chake, "b" kwake ni "p", na kukataa ni "hapana" tu. Akaniambia, "Wewe kunywa. Kwa nyumba yangu maziwa hapana paki."

Haibaki! Nikanywa mpaka mwisho. Akanimiminia tena.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilipata mama wa pili. Lugha tulikuwa hatusikilizani vizuri, kwa hivyo upendo wote aliupitisha kwa kikombe. Asubuhi mursik, mchana mursik na ugali, jioni mursik na mboga ya isagek. Katika ile nyumba mtu humiminiwa kikombe chake kikijaa, anamaliza, kikombe kinarudi kwa Kogo, anamiminiwa mwingine. Kuacha kitu ndani ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hujamkubali. Na mimi nilitaka kumkubali na moyo wangu wote. Nilipomzaa Chebet, Kogo alinilisha mara mbili ya hapo. Nikajaa. Akina mama wakaanza kuniambia nimetunzwa, na Kogo akawa ananichukua sokoni Sigowet hata kama hatununui kitu, tunatembea tu polepole watu waone vile amemweka mke wa mtoto wake.

Nilifurahi. Kusema kweli nilifurahi sana. Ni mwili ulioanza kulalamika.

Kwanza ilikuwa chai. Nyinyi mnachuma, mnajua vile njia kati ya mistari ya chai ni nyembamba. Nikipita, nyonga zangu zinavunja machipukizi kushoto na kulia, na nyuma yangu inabaki njia ya ndovu. Baba Chebet, kwa upole wake, akaniambia nisijisumbue, nikae nyumbani. Halafu magoti. Halafu sukari na presha. Halafu usingizi! Mnakumbuka nilikuwa nalala kanisani? Wengine mlisema ni pepo. Mlinikemea pepo wa usingizi, mkanimwagia mafuta, na mimi nikasinzia katikati ya maombi. Daktari ndiye alikuja kunieleza baadaye kwamba mafuta ya shingo yalikuwa yananifunga pumzi nikilala, kwa hivyo usiku wote mwili haukuwa unapumzika.

Na kulikuwa na lile ambalo sikuwa nasema. Baada ya Chebet nilishika mimba mbili, na zote mbili zikatoka. Ya pili ilikuwa imeshaanza kucheza. Kogo alinikanda mgongo kwa maji moto na alilia kuliko mimi. Daktari wa wilaya aliniambia waziwazi kwamba kwa ile presha, na ile sukari, na ule uzito, mimba nyingine inaweza kunichukua mimi mwenyewe, kwa hivyo nipungue kwanza.

Nipungue! Mtu akisema hivyo ni kama kupungua ni kuvua koti. Nilifunga na kuomba pamoja nanyi. Siku za kufunga nilikuwa mwaminifu, lakini nikifungua nilikuwa nakula chakula cha siku zote ambazo sikula. Nilikunywa chai ya rangi. Nilikula kabichi mpaka Chebet akaniuliza kama mimi ni ng'ombe. Nikipungua kidogo, nikienda kwa Kogo, ananitazama mashavu na kushtuka, anatikisa kibuyu. Mngenishauri nini? Yule mama hakuwa ananiua. Alikuwa anafanya kazi ileile aliyoianza siku ya kwanza.

Siku iliyonivunja ilikuwa siku ya kawaida, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekalia stuli jikoni, nimebandika sufuria ya maziwa, Chebet anacheza karibu. Usingizi ukanikamata nikiwa nimekaa vilevile. Maziwa yakafura. Mtoto akaona yanamwagika, akataka kuyaokoa, akashika sufuria. Nilizinduliwa na kilio. Maziwa yalikuwa yamemwagikia miguu yake, na mimi, ndugu zangu, mimi mama yake, nilijaribu kuamka nikashindwa. Nilijisukuma mara ya kwanza nikarudi chini. Mara ya pili stuli ikaja na mimi. Mtoto analia ananinyoshea mikono, na ni hatua moja tu kati yetu. Jirani ndiye alikuja akamnyanyua akamtia kwa maji baridi.

Chebet alipona, kovu ni dogo. Lakini siku hiyo nilimwambia Mungu, sitaki tena unipe nguvu ya kuvumilia. Nataka unitoe hapa!

Nilipelekwa hospitali ya misheni na hapo nilikutana na daktari mpasuaji aliyetoka ng'ambo. Akasema iko operesheni, bado ni mpya hapa kwetu, inafanywa Nairobi. Wanachukua tumbo la chakula, wanashona kulifunga sehemu kubwa, wanaacha kamfuko kadogo juu. Mtu akila vijiko vichache, ameshiba. Hakunidanganya. Alisema mtu anaweza kufa mezani. Alisema nikipona nitakula kama mtoto maisha yangu yote, na nikianza ujanja wa kunywa vitu vitamu siku nzima, mwili utarudi na operesheni itakuwa ya bure.

Kabla ya hapo walitaka kujua uzito wangu, na mizani ya zahanati ilikuwa imefika mwisho, mshale umegonga ukuta. Nesi akasema nipimwe mahali penye mizani kubwa. Mahali gani? Ni kwa bwana yangu, kituo cha majani! Baba Chebet alingoja lori liondoke na wakulima wote waende, akanipandisha kwenye mizani ya magunia ya mbolea. Nilifumba macho kwa aibu. Nilipoyafungua nikamkuta amesimama kati yangu na uso wa mizani, amenigeuzia mgongo, anasoma peke yake. Hakunitajia ile namba siku hiyo, na mpaka leo hajawahi kunitajia. Aliniambia tu, "Shuka polepole, nimekushika." Wanawake wenzangu, kama una mwanamume wa namna hiyo, mpikie leo.

Watu wa kanisa mligawanyika, nakumbuka vizuri. Mmoja alisema ni ukosefu wa imani, kwamba Mungu hakukosea alipotengeneza tumbo. Mwingine alisema ni uroho tu, nijizuie. Nilienda nyuma ya nyumba kati ya chai na nikaomba wiki nyingi, na sikusikia sauti yoyote. Hakuna malaika aliyekuja. Kitu kilichokuja ni amani, na ilikuja kidogokidogo, kama vile ukungu unatoka asubuhi na huoni dakika ulipotoka. Nikamwambia Baba Chebet, twende.

Ilibaki kumwambia Kogo.

Hiyo ndiyo niliogopa kuliko kisu. Ningemwambiaje yule mama kwamba naenda kufunga mahali alipoweka upendo wake miaka yote hiyo? Nilienda jikoni kwake nikapiga magoti, hata kama magoti yaliuma. Kiswahili chake ni kidogo na Kipsigis changu wakati huo kilikuwa cha kununua chumvi. Nikatafuta maneno rahisi kabisa. Nikamwambia, "Mama, naenda Nairobi. Daktari atanifunga tumbo."

Akaacha kuchochea moto. Akaniuliza, "Funga tumpo?" Nikasema ndiyo, Mama, ni kwa ajili ya maisha yangu. Akaniuliza kama Baba Chebet amekubali. Nikasema amekubali. Akasema, "Pasi." Akageuka akaendelea na moto wake, na hakunimiminia kitu.

Nilipasuliwa. Nilikaa wodini na manesi wanakuja kunichungulia kwa sababu operesheni yenyewe walikuwa hawajaizoea. Kidonda kiliuma mpaka nikajuta, sitaki mtu adhani nilienda kwa matembezi. Nilirudi nyumbani na chupa ya uji mwepesi na kijiko cha chai, na Mungu alikuwa amenivusha! Haleluya!

Lakini kupona mezani ni kitu kimoja, na kuishi ni kingine. Nilijifunza kula upya. Kijiko, unatafuna mpaka taya zinachoka, unangoja. Ukiharakisha kinarudi, na kinarudi mbele ya wageni. Ugali ulikuwa unakwama hapa kifuani nashindwa kuvuta pumzi. Nywele zilitoka. Ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia kama sweta ya kuazima. Na chai yetu ya maziwa, ya sukari, hiyo ilipita vizuri sana bila shida yoyote! Hapo ndipo shetani alinikalia. Ilinibidi nimwombe Baba Chebet aondoe sukari nyumbani, na yeye mwenyewe akanywa chai bila sukari tangu siku hiyo, na mnajua vile anapenda sukari.

Na Kogo hakuja. Nyumba yake na yangu kuna mistari michache tu ya chai katikati. Alimlisha Chebet, alisalimia akipita, lakini kuingia kwangu hakuingia, na kibuyu hakuniletea. Nilijua ni kwa sababu ya maziwa. Nilisema moyoni, nimekataa kikombe chake, amenikataa na mimi. Nilikuwa nimempoteza mama mara ya pili, na huyu wa pili nilimpoteza kwa kuchagua mwenyewe. Kuna siku nilitamani nirudishwe Nairobi nishonolewe.

Mwili ukashuka. Ukashuka haraka. Na hapa ndugu zangu nitaongea polepole. Mnajua miaka hii yetu mtu akikonda watu wanasema nini. Hakuna anayetaja jina. Wanasema "ule ugonjwa." Nilianza kuona nikienda kwa kikundi cha akina mama, kikombe changu kinawekwa kando. Nikishika mtoto wa mtu, mama yake anakumbuka ana safari. Operesheni ya kukondesha mtu, nani alikuwa amesikia kitu kama hicho? Walisema ni hadithi tumetunga na bwana yangu kuficha aibu. Nilieleza, nikachoka kueleza. Na wale ambao kweli wana ule ugonjwa, nilijua siku hizo vile tunawafanyia, na nawaomba tuache.

Ikafika siku ya kuposwa kwa wifi yangu, dada mdogo wa Baba Chebet. Wageni walijaa kwa Kogo, wazee wa upande wa bwana arusi, majirani, nusu ya kanisa hili. Sikutaka kwenda, lakini mke wa nyumba hawezi kukosa. Nikakaa pembeni. Kogo alikuwa anamimina mwenyewe, kikombe kinakuja, mtu anamaliza, kinarudi kinajazwa kinaenda kwa mwingine. Kikanifikia. Msichana aliyebeba hakuuliza, akanipa kimejaa.

Nikanywa funda. Nikangoja. Nikanywa la pili, na kamfuko kangu kakasema imetosha. Kikombe bado kimejaa karibu chote. Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja wa kwetu hapa, sitamtaja, tumeombeana na yuko huru. Nikamnyoshea nikimwambia kwa aibu anisaidie kumaliza, kama watu wa nyumba moja. Akaficha mikono kwa leso. Akasema ameshiba. Mwenzake naye akasema ameshiba. Ndugu zangu! Kikombe kiko mkononi, na wageni wote wanaangalia. Nilitamani nimwage na siwezi, kumwaga maziwa siku ya posa ni laana. Nilitamani nimeze na siwezi.

Kogo akaweka kibuyu chini. Akasimama. Mnajua hatembei haraka. Alipita katikati ya wazee, akaja mpaka mbele yangu, nikafikiri ananifukuza. Akachukua kikombe mkononi mwangu. Akasema kwa sauti ya nyumba nzima kusikia, "Hii imepaki ni yangu."

Akageuza kikombe, akatafuta mahali midomo yangu ilikuwa imegusa, akanywa hapohapo. Akanywa mpaka mwisho. Akapangusa mdomo na mkono, akarudi kwa kibuyu chake, akajaza kikombe kilekile bila kukiosha, akampa yule mama aliyesema ameshiba. Na yule mama akanywa!

Wageni walipoenda, Kogo aliniita nyuma ya jikoni. Akanishika mikono hii yenye ngozi nyingi, akaanza kulia. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake, ni nini mbaya alinifanyia mpaka nikafunga tumbo. Akasema alikuwa anataka mtoto mwingine mmoja tu wa kijana wake, hata msichana, lakini kama nilichoka, nimechoka, yeye amekubali.

Ndugu zangu, sikuelewa. Halafu nikaelewa. Tumbo! Sisi kwa Kiswahili tuna tumbo moja tu, la ugali na la mtoto. Yule mama miezi yote hiyo hakuwa analilia maziwa. Alisikia nimeenda Nairobi kufunga kizazi! Alikuwa anakaa matanga ya wajukuu. Na mimi niliyeenda kwenye kisu ili nipate kumzalia huyo mjukuu, nilikuwa nalia upande wangu wa chai nikidhani ananidai kikombe.

Nilimwita Baba Chebet, ambaye miezi yote alidhani nimeshamweleza mama yake vizuri, aje mbio amweleze kwa lugha yao. Akamweleza. Kogo akaniangalia juu mpaka chini, akaniwekea mkono hapa juu ya kidonda, akauliza kitu. Baba Chebet akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ameuliza, kama ni chakula tu kimefungwa, kwa nini hatukusema mapema, angekuwa ananipikia uji! Tulicheka sote watatu, tukalia, tukacheka tena.

Sasa mnangoja niseme mtoto alikuja. Najua, macho yenu yananiangalia hapa mbele ya gauni. Hajakuja. Sukari imetulia, presha imetulia, napita kati ya chai bila kuvunja hata jani, nikisikia Chebet analia nafika kabla hajamaliza pumzi. Daktari anasema naweza kujaribu. Tunaomba, na Mungu akinipa nitasimama hapa tena, asiponipa nitasimama hapa tena. Kogo hajaniuliza hata siku moja.

Lakini nataka mchukue hili moja nyumbani, halafu nikae. Siku Kogo alisimama mbele ya wazee akanywa nilichobakisha, alikuwa bado hajaelezwa kitu. Katika akili yake nilikuwa mwanamke aliyemfungia wajukuu. Pengine hata alikuwa ameamini ni ule ugonjwa, maana alisikia mliyokuwa mnasema. Hakungoja aelewe. Alikunywa kwanza, akauliza baadaye.

Mimi nilikuwa nimeokoka miaka mingi, ninaimba, ninatoa sadaka, na sikuwa nimejua Mungu anapenda namna hiyo. Nilikuwa nafikiri anangoja nieleze vizuri. Wewe uliyekaa hapo na jambo ambalo hakuna mtu ameelewa, umekonda kwalo au umenenepa kwalo, usingoje upate maneno. Njoo hivyohivyo kwa Bwana.

Na Kogo, najua Kiswahili changu kimekupita leo. Nitakushukuru kwa lugha yako, nimejifunza vya kutosha. Kongoi, Mama. Kongoi mising.